Nimeweka akiba miezi 14, sasa kamera tatu zinaninyima usingizi

Kwako Shangazi, shikamoo.

Najua safu yako hujaa barua za ndoa na wakwe, na hii yangu huenda ikakuchekesha. Lakini nimekwama kwelikweli, na kila ninayemwuliza hunitajia kamera anayoitamani yeye.

Mimi ni mama wa watoto wawili, kazi yangu ni ya ofisini. Kijana wangu ana miaka 12, ni mkimbiaji wa mita 100 na 200. Binti ana miaka 8, yuko kwenye kikundi cha maigizo cha shule. Mama yangu mzazi anaishi nasi. Hao watatu ndio ninaotaka kuwapiga picha, Shangazi, wala sina ndoto ya kuifanya kazi.

Simu ninayo. Ila mwezi uliopita binti yangu alipanda jukwaani na mabawa ya karatasi ambayo nilikesha nikiyagundisha. Mimi nilikuwa safu ya tisa. Nikavuta kwa vidole mpaka kioo kikagoma, nikapiga. Nilichopata ni doa la rangi ya chungwa lenye kitu cheupe mgongoni. Uso hakuna. Kijana naye, kwenye mashindano, alimaliza wa pili. Katika picha yangu ni mdudu chungu aliyenyanyua mikono, na hata hiyo mikono naijua kwa sababu nilikuwepo.

Kuna jingine. Miaka miwili iliyopita simu yangu ya zamani ilitumbukia kwenye beseni la nguo. Picha za miaka minne zikaenda na maji, zikiwemo za binti akiwa mdogo. Siku ile niliapa kwamba nitanunua kamera, kifaa chenye kazi moja tu, kisichopigiwa simu wala kuchezewa gemu.

Nimeweka akiba miezi 14. Mume wangu anajua ninaweka, hajui kiasi. Nikimtajia kamera hucheka: "Kamera ya nini, na simu unayo?"

Sasa nimebakiwa na tatu za kuchagua.

Ya kwanza ni ya mzee mmoja wa kazini ambaye sote tunamwita Babu. Ni Sony RX100 ile ya mwanzo kabisa, ya mwaka 2012. Anasema haina tatizo lolote, "na kwako wewe mwanangu nitapunguza". Nikiichukua nitabaki na chenji kidogo. Lakini nilipoishika niliona mikwaruzo pembeni, na kifuniko cha betri kimelegea. Nikaona haya kuuliza. Utamwambiaje mtu aliyekushika mkono ulipoanza kazi kwamba unataka kukikagua kitu chake?

Ya pili ni mpya, ya dukani, Canon PowerShot SX740 HS. Inavuta mara 40. Muuzaji aliielekeza nje, akavuta mpaka nikasoma maandishi ya bango la ng'ambo ya barabara. Mwili ulinisisimka. Ila itakomba akiba yote, hata ya kununulia kadi sitabaki nayo.

Ya tatu inanifuata kila nikifungua simu. Tangazo: megapikseli 64, video ya 4K, zumu mara 16, na unapewa bure mfuko, kadi na betri mbili. Jina la kampuni sijawahi kulisikia. Bei yake haifiki nusu ya akiba yangu. Sony ya Babu ina megapikseli 20, Canon nayo 20. Kwa hesabu zangu za shule ya msingi 64 ni kubwa kuliko 20, lakini kuna kitu moyoni kinakataa.

Nikikosea hapa, Shangazi, miezi 14 mingine sina. Nichukue ipi?

Ni mimi,
Mwenye Kibindo Chembamba

*

Marahaba, mwanangu.

Haikunichekesha hata kidogo. Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili kalamu ikiwa mkononi, na nimeona kwamba umeniuliza kuhusu kamera tatu lakini umenieleza machungu matatu: giza la ukumbini, umbali wa uwanjani, na lile beseni la nguo. Machungu hayo hayana dawa moja. Kamera itakayotuliza hili inaweza kulikuza lile. Nadhani hapo ndipo usingizi wako ulipoishia.

Niruhusu nianze na beseni, maana ndilo lililokufanya uape.

Picha zilizozama siku ile zilizama kwa sababu zilikuwa mahali pamoja tu. Kamera nayo huzama. Huibwa, husahaulika kwenye kiti cha basi. Tena simu ya siku hizi ukiipangilia inajipandishia nakala mtandaoni wewe ukiwa umelala, wakati RX100 ya 2012 haina Wi-Fi kabisa. Sony waliiweka kwenye toleo la pili, mwaka 2013. Kwa hiyo picha za kamera ya Babu zitakaa kwenye kadi mpaka wewe mwenyewe uchukue waya, au uchomoe kadi, uzihamishie kwenye kompyuta. Canon ina Wi-Fi na Bluetooth na inaweza kuzirusha kwenye simu, lakini huenda na kwenyewe kukahitaji mkono wako. Basi nakuuliza, na sikusuti: wewe unavyojijua, saa nne usiku, watoto wamelala, miguu inauma, utainuka kwenda kuhamisha picha? Mimi nina kadi moja kwenye droo ambayo kila nikifungua naiona, naifunikia bahasha, nafunga. Ukiona na wewe ni wa kabila letu, huenda sehemu ya akiba yako inapaswa kwenda kwenye diski ya nje kabla haijaenda kwenye lenzi. Kamera peke yake haitakukinga na beseni la pili.

Sasa tangazo.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hicho kimejitembeza mpaka kitandani kwako. Hata hivyo nisilihukumu kwa methali, nikueleze hesabu. Megapikseli ni idadi tu ya nukta zinazounda picha. Picha ya albamu, ile ya sentimita 10 kwa 15, inatosheka na megapikseli 2 hivi. Ukurasa mzima wa A4 uliochapwa vizuri kabisa unataka karibu 9. Kamera ya dijitali ya kwanza, aliyoiunda Steven Sasson akiwa Kodak mwaka 1975, ilikuwa na megapikseli 0.01 na ilihitaji sekunde 23 kuiandika picha moja kwenye kaseti. Enzi hizo kila nukta ilikuwa dhahabu. Leo hali ni nyingine. Canon waliwahi kutoa kamera ndogo inayoitwa G10, mwaka 2008, yenye megapikseli 14.7. Mwaka uliofuata ikaja G11 ikiwa na 10. Walirudi nyuma kwa makusudi: nukta zilikuwa zimebanana mno kwenye kihisi kidogo, yaani kile kibamba ndani ya kamera kinachopokea mwanga, na penye giza picha zilikuwa zinajaa chengachenga.

Kamera nyingi zinazotangazwa kwa namna hiyo, kwa bei hiyo, huwa na kihisi kidogo cha kawaida, na namba kubwa huzaliwa baadaye, programu inapoitanua picha iliyokwisha kupigwa. Ni kama kulivuta sweta la mdogo mtu limfae kaka yake. Na ile zumu mara 16 mara nyingi ni ya dijitali, maana yake mkasi: kamera inakata katikati ya picha na kuikuza. Hicho ndicho ulichokifanya kwa vidole ukiwa safu ya tisa, bure, bila kununua chochote.

Simjui muuzaji wako, kwa hiyo usinichukue kama hakimu. Soma maelezo yake polepole. Tafuta panaposema kama kuvuta ni kwa lenzi au kwa dijitali. Tafuta kama kamera inajilenga yenyewe au fokasi yake imekazwa mahali pamoja tangu kiwandani. Kama video za wateja zipo, tazama ikiwashwa: je, lenzi inatoka nje? Kwa mtoto wa miaka 8 anayetaka kupiga paka mchana wa jua, kifaa kama hicho kinaweza kuwa furaha kubwa. Kwa mabawa ya karatasi safu ya tisa, sioni kitakachoongezeka juu ya simu uliyonayo.

Tuingie ukumbini, na hapa nitakaa kidogo.

Chukua rula na kipande cha karatasi. Chora mstatili wa milimita 13 kwa 9. Pembeni yake chora mwingine wa milimita 6 kwa 4 na nusu. Wa kwanza ndio takriban ukubwa wa kihisi cha Sony ya Babu, kile ambacho matangazo hukiita cha "inchi 1" ingawa hakuna upande wake wenye inchi moja. Wa pili ni wa Canon. Eneo la kwanza ni mara nne ya la pili. Kihisi ni kama beseni lililotegwa mvuani (samahani, najua neno hilo linakuuma), na pana hukinga mwanga mwingi zaidi. Ndiyo maana watu wanaopiga picha ndani ya nyumba huisifu RX100 hadi leo, umri wake huo.

Lakini muuzaji hakuambii habari ya tundu. Kila lenzi ina tundu la kupitishia mwanga, nalo huandikwa kwa namba, na namba ndogo ndiyo tundu pana. RX100 ikiwa haijavutwa ina 1.8, ambayo ni pana sana. Ukivuta hadi mwisho tundu linafika 4.9. Mwanga unaopita hapo ni kama sehemu moja ya saba ya ule wa mwanzo. Kwa hiyo ile sifa ya kuona gizani ni sifa ya mtu aliyekaa safu ya mbele! Ukiwa ya tisa utalazimika kuvuta, na ukivuta, sehemu kubwa ya faida inayeyuka. Canon inaanzia 3.3 na kuishia 6.9 kwenye mwisho wake wa mbali, na kihisi chake ni kile kidogo, kwa hiyo ukumbini itapata tabu zaidi bado. Tabu hiyo utaiona kama ukungu wa mwendo: kamera inaacha mlango wazi kwa muda mrefu ili ipate mwanga, na mtoto anakuwa ameshageuka.

Nikiwa kwenye hesabu hizo nilikumbuka kamera ya nne ambayo hukuitaja: Panasonic LX7, nayo ya mwaka 2012, ambayo siku hizi hupatikana kwa waliokwisha kuitumia. Kihisi chake ni kama theluthi tu ya kile cha Sony na ina megapikseli 10, lakini tundu lake ni 1.4 bila kuvuta na 2.3 ikivutwa hadi mwisho. Ukizidisha na kugawanya, pale mwisho wa kuvuta, safu ya tisa, inaweza kusimama bega kwa bega na Sony. Sikutajii ili uwe na nne za kukukosesha usingizi badala ya tatu. Nakutajia uone kwamba ubora wa kamera hautembei peke yake, unafuatana na kiti ulichokalia.

Hapo ndipo ninapotaka kukuhoji. Ni lazima ukae safu ya tisa? Vikundi vya maigizo hufanya mazoezi ya mwisho na mavazi kamili, viti vikiwa vitupu. Ukimwomba mwalimu ukae mbele siku hiyo, pengine atakubali, hasa ukimwahidi picha za watoto wote. Ukiwa mita tatu kutoka jukwaani, RX100 inakuwa kamera nyingine kabisa, na simu yako nayo inaweza kukushangaza. Zima flashi, maana kutoka mbali huangaza visogo vya waliokaa mbele yako tu. Usibonyeze anapozunguka, subiri pale anapomaliza sentensi na kutulia. Waigizaji hutulia zaidi ya tunavyodhani. Na muuzaji akikusifia kizuia mtikisiko, mwelewe vizuri: hicho hutuliza mkono wako wewe, mtoto anayerukaruka hakimhusu.

Uwanjani mambo yanageuka. Mchana wa jua mwanga ni wa bure, kihisi kidogo kinapumua, na ile Canon inapata siku yake. Ukisimama mita 40 kutoka kwa kijana, RX100 ikiwa imevutwa hadi mwisho itaona eneo la upana wa mita 14 hivi. Mtoto ndani ya mita 14 ni mdogo, ingawa si mdudu chungu tena. Canon kwa umbali uleule inaweza kubana mpaka upana wa mita moja na nusu, yaani uso, jasho na meno yaliyokazwa. Nisikufiche, hata mimi ningesisimka.

Ila bango la ng'ambo ya barabara halikimbii. Kamera hiyo haina kitundu cha kuchungulia kwa jicho, na ya Babu pia haina. Utatazama kioo cha nyuma, ambacho juani hufifia. Kumtafuta mkimbiaji wa mita 100 ukiwa umevuta mara 40 ni kama kumtafuta kupitia bomba la karatasi: ukimpata amefika. Wengi huishia kuvuta mara 8 au 10, kumngoja mahali watakapompata, na kupiga mfululizo. Na ukiwa karibu na mstari wa kumalizia, mita 20 hivi, RX100 ikiwa imeshikwa wima itampa kama moja ya tano ya urefu wa picha. Hapo unaweza kukata. Megapikseli zake 20 ukibakiza nusu ya upana na nusu ya kimo zinakuwa 5, na 5 zinazidi mahitaji ya picha ya albamu. Kwa hiyo swali la uwanjani nalo linarudi kulekule: wanakuruhusu usimame wapi?

Sasa Babu. Hapa ndipo nilipoihisi aibu yako nikiwa nimekaa huku.

Umeandika kwamba aliyekushika mkono hawezi kukaguliwa. Nakuelewa, na kununua kwa mtu wa heshima kuna hatari ya pekee: risiti hakuna, dhamana hakuna, na ikiharibika wiki ya tatu utamsalimu kila asubuhi huku una kitu kooni. Kuogopa kumwuliza leo kunaweza kukugharimu uhusiano wenyewe unaoulinda. Lakini pia si kweli kwamba njia ni mbili tu, kunyamaza au kumhoji kama polisi. Mwambie, "Babu, kabla hatujazungumza bei, nifundishe kuitumia." Mzee gani atakataa? Ataiwasha mbele yako, atavuta, atarudisha, atainyanyua flashi, atazungusha kile kiduara cha juu, atafungua kile kifuniko kilicholegea aonyeshe betri. Wewe ni mwanafunzi, unatazama.

Tega sikio lenzi inapotoka. Inapaswa kutoka laini, kwa sauti moja. Mimi niliwahi kuiingiza kamera yangu ndogo kwenye mkoba uliokuwa na mchanga chini, na kuanzia siku ile ikiwashwa ilikuwa inasaga kama mtu anayetafuna changarawe. Mwezi haukuisha ikagoma nusu njia, imetoa ulimi. Kamera hizi lenzi haichomoki, kwa hiyo mchanga au vumbi likiingia, fundi lazima aifungue nzima, na gharama yake mara nyingi haina maana kwa kifaa cha umri huo.

Nenda na kadi yako mwenyewe. Mwombe upige picha chache "za kujifunzia". Moja ya anga au ukuta mweupe, tundu likiwa limebanwa hadi 11: ukiona vidoa vya kijivu vinavyojirudia mahali palepale kila picha, ni vumbi juu ya kihisi. Nyingine ya ukurasa wa gazeti uliobandikwa ukutani: herufi za pembeni zikiwa zimefifia upande mmoja tu, lenzi huenda iliwahi kuanguka. Mulika lenzi kwa tochi ya simu kwa mshazari uone kama kuna utando unaofanana na wa buibui, ambao huwa ni kuvu. Betri iweke juu ya meza: ikiyumba, imevimba. Mikwaruzo ya nje isikutishe sana, ila ile ya konani inaweza kuwa kumbukumbu ya kuanguka, na ndiyo sababu ya kulitazama lile gazeti kwa makini. Picha zote hizo utazitazama nyumbani kwenye kompyuta, taratibu, bila macho ya Babu. Ukikuta kasoro, unaweza kurudi na kusema hukuweza kuizoea, au ukamwambia ukweli. Huenda na yeye hakujua. Akikubali kukuazima wikiendi moja yenye mashindano, utajua mengi kuliko niwezavyo kukuandikia.

Chenji utakayobaki nayo usiihesabu kama faida. Betri ya RX100 inaitwa NP-BX1, na kwa bahati Sony waliendelea kuitumia kwenye ndugu zake kwa miaka mingi, kwa hiyo haijawa adimu. Ya Babu ikiwa imechoka utahitaji nyingine. Kadi pia, na hapo kuwa macho, zipo za bandia zinazoandikwa uwezo zisiokuwa nao, unagundua siku imejaa kabla ya wakati na picha hazifunguki. Ijaze mara moja nyumbani kabla ya kuiamini. Kwa upande wa Canon swali ni lilelile kwa sura nyingine: kamera mpya, yenye dhamana, lakini imelala kabatini miezi miwili ikingoja pesa ya kadi. Je, subira hiyo unaiweza? Wengine wanaiweza vizuri tu.

Na mume wako.

Kwenye barua umeandika "hajui kiasi" kisha ukapita upesi, kama mtu anayeruka dimbwi. Sitakulazimisha urudi. Ila nimejiuliza kama kicheko chake kinatokana na dharau, au ni kwamba hajawahi kuoneshwa lile doa la rangi ya chungwa. Yeye anaiona simu inapiga picha nzuri mezani, na hakosei; simu za sasa hupiga picha kadhaa kwa mpigo na kuziunganisha, na kwa vitu vya karibu vilivyotulia zinaweza kuishinda kamera ndogo ya bei nafuu. Akisema simu inatosha, kwa nusu ya maisha yenu anasema kweli. Siku moja mwekee picha mbili mbele yake, ya jukwaani na ya uwanjani, umwulize: "Hapa mtoto yuko wapi?" Anaweza kucheka tena. Anaweza pia kuwa ndiye atakayesimama kwenye mstari wa kumalizia wakati wewe uko ukumbini. Kumwambia kiasi kuna hatari zake, pengine kibindo kitageuka cha wote na ada za shule zitakikuta. Hilo unalijua wewe kuliko mimi.

Kabla hujaamua, nina kazi ya wiki mbili kwa ajili yako. Weka kijidaftari kwenye mkoba. Kila unapotamani kupiga picha ukaikosa, au ukaipata vibaya, andika vitu vinne: ndani au nje, hatua ngapi kutoka ulipo, anatembea au ametulia, na kama ungeweza kusogea. Usiandike jina la kamera yoyote. Baada ya wiki mbili hesabu. Mistari ya ndani na karibu ikijaa, utaona inakoelekea. Ya nje na mbali ikijaa, vilevile. Na mingi ikiwa na neno "ningeweza kusogea", basi una muda zaidi ya ulivyofikiri.

Jambo la mwisho nililipigia mstari na kalamu. Ulisema unataka kuwapiga picha watu watatu. Kijana umemweleza, binti umemweleza mpaka mabawa. Mama yako umemtaja mara moja tu, kwamba anaishi nanyi, halafu hukurudi tena. Yeye hayuko safu ya tisa wala hakimbii. Sikujua niisome vipi hiyo: picha zake ni nzuri kiasi kwamba huna la kulalamika, au hujampiga? Ukiniandikia kuhusu kijidaftari, nijibu na hilo.

Shangazi yako.